Silikoni ya kuziba madirisha, nimeijaribu na baridi la Uyole

Wa Uyole, huku Mbeya, mnaujua ule upepo wa Juni na Julai, unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Safari hii sikuusubiri, nikachukua tyubu tatu za silikoni nyeupe na bunduki yake ya kuikamulia, nikamwita fundi azibe kwa nje pembeni ya fremu za aluminiam na zile nyufa za plasta. Siku ya kwanza tulichemka, asubuhi ukuta una umande yeye anapaka tu, jioni ukigusa inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Ikabidi tukwangue yote, tufute vumbi, tusubiri jua la saa sita ndo tupake tena halafu tuiache mpaka kesho yake. Saa hizi pazia halichezi usiku kabisa. Matundu ya juu ya dirisha lakini sijayagusa, jioni tunaota jiko la mkaa na hewa yake inaua watu, msijifungie jamani. Silikoni naipa nne kwa tano, bunduki moja tu, kishikio kimekatika tyubu ya pili na muuzaji ananiambia eti nilibonyeza kwa hasira.