Trainz kwa wanaotaka kujenga njia zao: reli ni rahisi, tegemezi ndizo kazi

Kati ya michezo ya kuendesha treni kwenye kompyuta, Trainz ndiyo inayompa mtu wa kawaida nafasi nzuri zaidi ya kujitengenezea njia yake mwenyewe. Ilitoka mwaka 2001 kwa kampuni ya Auran ya Brisbane, Australia, na siku hizi iko chini ya N3V Games. Hapa tunaangalia matoleo ya TRS19 na TRS22, na hasa mambo mawili: Download Station, yaani ghala la njia na vifaa vilivyotengenezwa na wachezaji, na Surveyor, sehemu ya kuchorea ardhi na kulaza reli. Uendeshaji hatuugusi sana. Anayetaka kabini yenye kila swichi na breki zinazofanya kazi kama za kweli atahudumiwa vizuri zaidi na Train Sim World.

Tuanze na ghala, maana ndiko pesa yako inakokwenda. Vitu vyote vinapitia Content Manager, dirisha linalofunguka kutoka kwenye kizinduzi cha mchezo. Chuja aina iwe «Routes», mahali pawe Download Station, kisha panga kwa tarehe. Kila kitu kina nambari yake iitwayo KUID: sehemu ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kitu chenyewe, na zile zinazoanza na kuid2 zina sehemu ya tatu inayotaja toleo. Ukipenda kazi ya mtu, tafuta kwa nambari yake ya mtengenezaji, utapata kila alichopandisha. Ni njia ya uhakika kuliko kutafuta kwa jina, kwani watu huandika majina ya njia wanavyotaka.

Kabla ya kubofya kupakua, angalia trainz-build ya njia hiyo, yaani nambari ya toleo la mchezo ililohifadhiwa nalo. Njia iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani, na hakuna ujanja wa kuipitia. Kinyume chake kinawezekana: njia ya zamani hufunguka kwenye mchezo mpya, ila miti yake itaonekana kama kadi mbili zilizopachikwa msalaba.

Tatizo kubwa ni tegemezi, yaani vitu vingine ambavyo njia inavihitaji ili ikamilike. Faili ya njia yenyewe ni ndogo. Ndani yake kuna ardhi na orodha tu ya KUID. Nyumba, miti, mataruma, nguzo na taa za ishara ni vitu vingine vinavyopakuliwa kimoja kimoja, na njia kubwa inaweza kudai mamia ya vitu hivyo. Asiye na First Class Ticket, yaani tiketi ya kulipia, hupakua kwa kasi ndogo na kwa kikomo cha kila siku, kwa hiyo njia moja nzito inaweza kumchukua zaidi ya siku moja. Kwa mtu wa bando, hiyo ni hesabu ya kufanya mapema: acha Content Manager ikuonyeshe orodha ya tegemezi na ukubwa wake kabla hujaanza.

Hata baada ya kupakua kila kitu, njia huweza kubaki na alama ya «Missing Dependencies». Sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda kitu kipo kwenye ghala lakini upakuaji ulikatika, na hapo unachagua tena na kupakua. Huenda kitu ni sehemu ya kifurushi cha kulipia ambacho huna. Hakuna la kufanya ila kununua au kukibadilisha. Au kitu kiliwekwa kwenye tovuti binafsi ya mtengenezaji, na tovuti hiyo ilishafungwa. Katika hali mbili za mwisho, nakili njia kwanza, fungua nakala ndani ya Surveyor, tumia zana ya kubadilisha vitu kuweka mbadala, kisha amri ya «Delete Missing Assets» iondoe mabaki. Usifanye hivyo kwenye njia ya asili. Amri hiyo haiulizi kitu gani kibaki. Ikiwa diski ya nje yenye vitu vyako imechomoka tu, itafuta vyote.

Vitu vyenye alama ya hitilafu ni habari nyingine, na wengi huviogopa bure. Matoleo mapya hukagua kwa ukali kuliko ya zamani, hivyo behewa lililokuwa likitembea vizuri miaka ya nyuma linakataliwa kwa kosa dogo. Bofya kulia uone orodha ya makosa. Mara nyingi ni picha ndogo ya utambulisho inayokosekana (inatakiwa JPG ya pikseli 240 kwa 180), au picha ya rangi ambayo vipimo vyake havifuati mfululizo wa 256, 512, 1024. Fungua kitu kwa kuhariri, rekebisha picha au mstari wa config.txt (faili ya maelezo ya kitu hicho), wasilisha. Dakika tano.

Sasa Surveyor yenyewe. Ardhi ya Trainz imegawanywa katika mbao za mita 720 kwa 720, na unaziongeza ubavuni moja baada ya nyingine. Tuseme unataka kipande cha kilomita 20, kama kupanda kutoka kisiwani Mombasa kupitia Makupa kuelekea Mazeras kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Kwa mstari ulionyooka hizo ni mbao 28; ukiweka upana wa mbao tatu ili upeo wa macho usikatike ghafla, ni 84. Kompyuta ya wastani inamudu. Kinachoelemea ni msongamano wa miti na nyumba, kwa hiyo jaza vizuri mita 200 za kwanza kila upande wa reli na kule mbali weka vilima vitupu.

Vilima hivyo vinatoka wapi? Kuchonga kwa mkono kunafaa kwa reli ya kubuni. Kwa mahali pa kweli, wengi hutumia TransDEM, programu ya kulipia inayosoma data ya miinuko ya SRTM na kutoa ardhi iliyo tayari kwa Trainz. Data ya SRTM inafunika Afrika Mashariki yote kwa nukta takriban kila mita 30. Zingatia maana yake: tuta la reli lenye upana wa mita sita au mtaro wa pembeni hautaonekana humo hata kidogo, na bonde jembamba litatoka likiwa limejaa nusu. Umbo la jumla la mlima utalipata; tuta, mkato na daraja utavitengeneza mwenyewe.

Utaratibu wa kulaza reli ndio unaoamua kama njia itapendeza. Laza reli kwanza, bila kujali inaelea au imezama. Kisha weka kimo kwenye ncha mbili za mwinuko na uache mteremko wa kati ugawanywe sawasawa. Mwisho kabisa, tumia zana ya kulainisha ardhi ili iifuate reli. Anayelainisha kabla ya kupanga vimo hupata reli inayopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, na akirekebisha baadaye hubaki na ngazi za udongo pembeni. Kwenye Surveyor ya kawaida, nukta ya reli (pale vipande viwili vinapoungana) iliyofungwa kimo huwa na duara la njano, na iliyo huru huwa nyeupe. Pitia njia nzima ukitafuta nyeupe moja iliyojificha kati ya njano. Ndiyo itakayokupa nundu.

Surveyor inataka mteremko kwa asilimia, ilhali vitabu vya reli huandika kwa uwiano. 1 kwa 50 ni asilimia 2. 1 kwa 66 ni kama asilimia 1.5, yaani mita 10.8 kwa kila ubao mmoja. Ukiona kwenye ubao mmoja reli imepanda mita 20, kuna kimo kimekosewa mahali fulani.

Kona nazo unaweza kuzipima mwenyewe. Tumia rula ya ndani ya mchezo: pima mstari ulionyooka kati ya ncha mbili za tao, kisha pima kutoka katikati ya mstari huo hadi kwenye reli. Zidisha urefu wa mstari kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya kipimo cha pili. Mstari wa mita 40 wenye uvimbe wa mita 1 unakupa nusu kipenyo cha mita 200. Ukirundika nukta nyingi kwenye kona moja, kila nukta itazaa kipinda chake na treni itayumba. Nukta chache zilizoachana sawa hutoa tao safi.

Upana wa reli unawasumbua sana wanaotaka njia za kwetu, lakini injini ya mchezo haiujali. Treni hufuata mstari wa katikati, na upana ni sura tu. Kwa kuwa Trainz ni ya Australia, na Queensland inatumia mita 1.067, vifaa vya upana huo si haba, na TAZARA inatumia upana huohuo. Ukiweka treni ya 1067 juu ya reli ya mita moja, kila gurudumu linatoka nje kwa milimita 33.5, na kutoka kabini huoni. Ila kichwa cha treni cha upana wa milimita 1435 juu ya reli ya mita moja hutokeza milimita 217.5 kila upande. Hapo hata mtoto atacheka.

Kuna mtego mmoja ambao maelezo ya mchezo hayausisitizi inavyostahili. Surveyor ina matabaka, moja la njia na jingine la sesheni, yaani mchezo mmoja wa kuendesha uliopangwa juu ya njia hiyo. Ukifungua kupitia sesheni na kuanza kupanda miti, angalia umo tabaka lipi. Vilivyowekwa kwenye tabaka la sesheni huondoka sesheni ikifutwa, na watu wamepoteza stesheni nzima namna hiyo. Treni na ratiba ziende kwenye sesheni. Reli, taa na majengo viende kwenye njia.

Surveyor 2.0 na ardhi ya HD, yenye gridi ya sentimita 12.5 badala ya mita 10 au 5, vinapatikana kwenye Trainz Plus, toleo la usajili. Mitaro na kokoto hutoka vizuri ajabu, ila faili huvimba. Kwa njia ya kwanza, gridi ya mita 5 inatosha, na pesa ya usajili ni afadhali iende kwenye First Class Ticket.

Asiye na bajeti kabisa aelekee Open Rails, ambayo ni ya bure na inasoma njia za Microsoft Train Simulator, pamoja na kihariri cha TSRE5. Huko reli hulazwa kwa vipande vyenye vipimo maalumu, kwa hiyo nusu kipenyo unakijua tangu mwanzo, lakini kihariri chenyewe ni kigumu kwa mgeni. Na uchague upande mapema, kwani njia ya Trainz haihamii Open Rails.

Ukishafika mahali pazuri kwenye ujenzi, toa njia kama faili ya CDP, yaani kifurushi cha Trainz, na uiweke nje ya folda ya mchezo, kwenye diski nyingine. Hifadhidata ya Trainz huharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika. Ukarabati wake unaweza kuchukua saa nzima, na si kila mara unarudisha kila kitu.