Wakala wa kupangisha, Leicester, England: nyota mbili, na zote za fundi wao wa boila

Nianze na haki yao: hawa ndio waliokuwa wakinipangishia nyumba yangu. Kupangisha wanakujua. Boila, mtambo wa kupasha moto maji na nyumba, ilipozima Januari, kesho yake asubuhi fundi alikuwa mlangoni, na kodi iliingia benki kila mwezi wakishakata asilimia 10 yao. Ningekuwa nimeishia hapo, ningewapa nyota nne nikaenda zangu.

Balaa lilianza nilipoiuza nyumba hiyo. Mpangaji wangu, nesi kutoka Kenya, aliniambia zamani, “Dada, siku ukitaka kuuza usinipite.” Sikumpita. Tulikubaliana pauni 185,000 mezani kwake, chai ya maziwa ikiwa mbele yetu, kisha kila mmoja akatafuta wakili wake. Nje hakikusimikwa kibao, ndani hakikupigwa picha hata chumba kimoja. Wakala nilimpigia simu kumjulisha tu kwamba upangaji unaisha.

Ikaja ankara. Asilimia 2 ya bei, yaani pauni 3,700, na VAT 740 juu yake: jumla 4,440. Kwa kazi ipi? Kijana wa ofisini akanijibu kwa upole kabisa, “Sisi ndio tuliomleta.” Mlimleta apange, kaka, hamkumleta anunue! Akanionyesha kifungu chenyewe kwenye mkataba wetu: mpangaji akinunua, wanalipwa kamisheni. Kimejibanza kurasa za nyuma chini ya “Mengineyo”, kati ya habari za kutunza funguo na anwani ya kutumiana barua. Ukurasa wa mbele, ule wenye bei zao kwa herufi nene, hakimo. Huku tukijibizana, kodi ya mwezi wa mwisho, pauni 825, wakaikalia.

Wenye nyumba mlioko Uingereza, hili lijueni. Julai 2009 Mahakama Kuu iliamua kesi ya OFT, idara ya serikali ya biashara ya haki wakati huo, dhidi ya Foxtons, kampuni ya uwakala wa nyumba (hao si wakala wangu). Ilisema kifungu cha kumtoza mwenye nyumba wa kawaida kamisheni pale mpangaji anaponunua si cha haki kikizikwa kwenye maandishi madogo asikotarajia kukikuta. Haikusema kamisheni ya namna hiyo ni marufuku. Wakikuwekea waziwazi, ukaelewa, ukasaini, kuchomoka ni kazi.

Basi niliandika malalamiko rasmi, nikataja hukumu hiyo na sheria ya haki za walaji ya 2015, nikawauliza wamejiunga na mpango gani wa usuluhishi. Wakala wa England lazima awe na mmoja, na zikipita wiki nane hajamaliza lalamiko lako, unalipeleka huko bila kulipa senti. Swali hilo ndilo lililowaamsha. Kwanza wakashusha ada nusu. Nusu ya kitu nisichodaiwa ni nini? Nikakataa. Baadaye ikaja barua ya mistari miwili: wanaifuta ada na kuniachia ile 825 “kama ishara ya nia njema”. Nia njema, kwa pesa yangu mwenyewe!

Mpangaji hawakumgusa, na wasingethubutu: tangu Juni 2019 sheria ya England imewabana sana kwa ada za wapangaji. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, macho yao sasa yako kwetu.

Kama una nyumba ya kupangisha tu, watumie, watakufaa. Ila kabla hujasaini, waambie wakate kifungu cha kumuuzia mpangaji, na wote wawili mtie sahihi fupi pembeni yake.