Bima ya thamani ya makubaliano kwa gari la kale lililobadilishwa: inalipa nini, inakwama wapi

Gari la miaka ya 60 lililofungwa injini ya kisasa, breki za diski na gia boksi ya gia tano halina bei kwenye orodha yoyote ya magari yaliyotumika. Hapo ndipo bima kubwa ya kawaida inaposhindwa. Bima hiyo hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali, na mthamini akikosa gari la kulinganisha nalo huchukua modeli ile ile kama ilivyotoka kiwandani, kisha akakata uchakavu kwa umri. Kazi ya fundi bodi, nyaya mpya, injini, vyote havimo kwenye hesabu yake. Bima ya thamani ya makubaliano imetengenezwa kwa ajili ya magari kama haya. Gari likiibwa au likiteketea lote, tunaisifu bila kusita. Likigongwa ubavuni, ubora wake unategemea vifungu ambavyo wateja wengi hawavisomi.

Utaratibu wake ni huu: pande mbili hukubaliana kiasi kabla bima haijaanza, kiasi hicho huandikwa kwenye jedwali la bima, na hasara ikiwa kamili, yaani gari limeibwa au limeharibika kiasi cha kutofaa kutengenezwa, kampuni hulipa kiasi hicho bila kufungua upya mjadala wa bei. Kinachokatwa ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari alikubali kuibeba mwenyewe. Mtindo huu umetoka kwenye meli. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906 ilikwisha kuutambua mkataba ambao thamani yake imekubaliwa mapema.

Usichanganye na bima ya thamani iliyotajwa. Huko pia unataja kiasi na unatozwa ada kulingana nacho, ila mkataba unasema utalipwa kiasi hicho au thamani ya soko, chochote kilicho kidogo. Yatafute maneno hayo, au neno "isiyozidi". Ukiyakuta, hiyo si thamani ya makubaliano, hata wakala akuambie nini, na kwa gari lililobadilishwa hatuipendekezi kabisa.

Ili ukubaliwe kiasi cha haki, unahitaji ripoti ya mthamini anayejua magari ya kale, picha, risiti, na orodha ya mabadiliko. Orodha ndiyo yenye uzito kuliko vyote. Kila badiliko lipate mstari wake: kifaa gani, vipimo vyake, nani amekifunga, lini. Ukiandika "breki zimeboreshwa" hujamsaidia mtu. Andika hivi: "Mbele, ngoma zimetolewa, zimefungwa diski za kipenyo cha milimita 280 na kalipa za pistoni 4, masta silinda ya njia mbili badala ya ile ya njia moja." Mstari kama huo mthamini anaweza kuupigia bei siku ya ajali. Pia unamtuliza anayepima hatari, kwa sababu swali lake kubwa ni kama breki, shokapu, springi na matairi vimeongezwa uwezo kulingana na nguvu ya injini. Injini yenye nguvu maradufu juu ya breki za ngoma za zamani hukataliwa, au hupandishiwa ada, na ni haki yao kabisa.

Picha zipigwe siku moja: pande zote nne, injini, ndani, mita ya kilomita, namba ya chesisi, na chini ya gari likiwa limeinuliwa. Nakala zihifadhiwe mbali na gari. Kama injini imebadilishwa, namba yake mpya iwe imeingizwa kwenye kadi ya gari kabla ya kuomba bima. Dai la wizi hukwama haraka sana pale kadi inapotaja injini ambayo haipo.

Vidogo pia vitajwe: rimu pana, springi fupi za kushusha gari, usukani usio wa asili, viti vya mashindano. Bima husimama juu ya uaminifu kamili wa anayeomba. Kampuni ikigundua badiliko lililofichwa, kutegemea mkataba na sheria inayotumika, inaweza kukataa dai lote au kulilipa kwa uwiano: kama ada uliyolipa ni nusu ya ile iliyostahili, unapata nusu ya fidia.

Sasa tuje kwenye ajali isiyoua gari, maana ajali nyingi ni za namna hiyo. Jedwali linaweza kutaja kiasi kizuri na bado kifungu cha matengenezo kikasema gari litarudishwa "katika hali ya kiwandani". Maana yake, diski zako zikivunjika unalipiwa bei ya ngoma. Unachotaka kisomeke ni kwamba vipuri vitabadilishwa kwa vya aina ile ile vilivyoorodheshwa. Angalia pia kama unaruhusiwa kumchagua fundi. Gereji ya kawaida ya kampuni inaweza kuwa stadi kwa magari mapya na isijue kunyoosha bodi iliyounganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, au kulinganisha rangi iliyochanganywa kwa ajili ya gari moja tu. Halafu kuna makato ya kifaa kipya kilichochukua nafasi ya kichakavu. Kwenye gari la kale makato hayo yanaweza kumeza fidia yote, hivyo omba yafutwe kwa maandishi.

Wanaoshusha thamani ili kupunguza ada huumia mara mbili. Kwanza, mkataba ukiwa na kifungu cha uwiano na gari limekatiwa bima ya asilimia 75 ya thamani yake, hata matengenezo hulipwa asilimia 75 tu. Pili, kampuni hulinganisha gharama za matengenezo na kiasi kilichokubaliwa, na kiasi kikiwa kidogo, gari linalotengenezeka vizuri hutangazwa kuwa hasara kamili.

Masharti ya matumizi ni makali, na ndiyo yanayoifanya ada iwe nafuu. Tarajia kikomo cha kilomita kwa mwaka, gereji yenye kufuli, gari jingine la kwendea kazini, na umri wa chini kwa dereva. Mashindano yanayopimwa kwa saa hayamo, na mara nyingi hata mazoezi kwenye uwanja wa mbio. Kukodisha gari kwa harusi au kupigia picha ni biashara. Kunahitaji nyongeza yake.

Udhaifu mkubwa tunaouona ni kwa gari ambalo bado linaendelea kujengwa. Kiasi hukubaliwa kwa mwaka mzima, na injini iliyofungwa katikati ya mwaka haimo mpaka nyongeza iandikwe. Injini iliyotolewa na kulazwa juu ya meza ya fundi huenda isihesabiwe kuwa sehemu ya gari, kwa hiyo uliza kikomo cha vipuri vilivyo nje ya gari. Gari linalokaa miezi gerejini likiwa limefunguliwa linafaa bima ya gari lisilotembea, yenye moto na wizi. Bima ya gereji yenyewe usiitegemee kabla hujaiona.

Jambo la mwisho la kudai kabla ya kusaini ni haki ya kununua mabaki. Gari likitangazwa hasara kamili na ukalipwa, mabaki ni ya kampuni, pamoja na gia boksi na difu ambavyo pengine havikuguswa. Asilimia ya kiasi kilichokubaliwa utakayoyanunulia iandikwe ndani ya mkataba, na uulize mapema kama gari lililotangazwa hivyo linaweza kusajiliwa tena.