Jiko la futari la mtaani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa: nyota nne

Kabla ya 2020 futari ya vijana wa jiko hili ilikuwa ya kukaa mkekani. Majamvi yanatandikwa nje ya msikiti, sinia moja watu wanne watano, hamali, mwanafunzi, mpita njia, yeyote akaribie ale. Korona ikavunja yote hayo. Misikiti ikafungwa, kula sinia moja kukawa hatari, kisha Mei 6, katikati ya Ramadhani, serikali ikafunga Mji wa Kale wote: hakuna kutoka wala kuingia. Nyumba nyingi za kwetu hula kwa kibarua cha siku. Muuza kahawa, mbeba mizigo, mama wa viazi karai, wasipotoka siku mbili moto hauwaki jikoni.

Vijana wa jiko hili waligeuza kazi yao haraka, na kitu cha kwanza walichokataa ni foleni. Aprili 10 watu walikuwa wamekanyagana Kibera, Nairobi, wakigombea chakula cha msaada, sote tulisikia. Basi wakamchagua mama mmoja kila kichochoro, anayejua nani ana nini ndani, na yeye ndiye aliyepeleka majina. Hakuna aliyetangazwa, hakuna aliyepigwa picha ameshika pakiti ya unga. Kwetu mtu huona afadhali alale na njaa kuliko kuanikwa, kwa hivyo hili mimi nalihesabu kubwa kuliko chakula chenyewe.

Futari ililetwa mlangoni kabla ya adhana, maana baina ya magharibi na kafyu iliyoanza saa moja usiku palikuwa na nusu saa na kitu tu. Unaweka bakuli lako barazani, unarudi ndani. Kijana, barakoa usoni, anateka muhogo wa nazi kwa upawa mrefu, anaumimina kutoka juu bila upawa kugusa bakuli, kaimati anazifunga kwenye karatasi ya kaki, anabisha: “Hodi, futari hiyo, mama!” Ukifungua ashafika nyumba ya tatu. Na muhogo ulikuwa umeiva, tui zito la kwanza, si maji ya kusuuzia nazi.

Cha daku kilikuja kikavu: mchele, unga wa ngano, maharagwe, mafuta, sukari, tende. Lakini maharagwe yanataka makaa, na maji ya mkokoteni hayaji bure. Walipoambiwa, wakaanza kutuma pesa kidogo kwa M-Pesa. Tangu Machi Safaricom ilikuwa imeondoa ada kwa kutumiana pesa zisizozidi shilingi 1,000, kwa hivyo hata jamaa aliyetoa mia yake, ilifika mia.

Nyota moja nimeizuia kwa ajili ya mamangu. Ana sukari, na kila mtu alikuwa anasema wenye sukari ndio korona huwaangusha zaidi. Pakiti yetu ikawa ngano, sukari, tende, mchele mweupe, pakiti baada ya pakiti. Nilipomweleza mama wa kichochoro chetu, ililetwa ndengu na unga wa wimbi, bila maneno mengi. Nashukuru sana. Ila wako wazee wasioweza kusema, wanaoona haya kuchagua chakula cha kupewa.

Bado wanapika kila Ramadhani, na nawachangia. Nyota ya tano nitawapa wakianza kuuliza pale wanapoandika majina: hapa nani ana sukari, nani ana presha, nani ananyonyesha?