Masomo ya gofu Nakuru: kilichonifaa na kilichokula pesa bure

Kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji hivi, huwa napata saa moja na kocha wa gofu hapa Nakuru. Jina lake sitaji, wala la klabu, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na mji wenyewe tunajuana. Mimi ni mchezaji wa wikendi tu, hendikapu, yaani mipigo ya ziada ninayopewa kwa kutokuwa fundi, bado iko ishirini na kitu. Dawa za mifugo ndizo zinazonilisha.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kuhama mkeka. Mkeka wa renji, ule uwanja wa kufanyia mazoezi ya kupiga, ni mwongo mkubwa. Fimbo ikitua nyuma ya mpira, kwenye mkeka inateleza tu, inaufikia mpira, na mpira unapaa kama kawaida. Unarudi nyumbani umejiona bingwa. Jumamosi ukifanya vilevile kwenye nyasi za kikuyu, fimbo inanasa na mpira unajikokota hatua chache mbele yako huku wenzako wakiangalia kando kwa heshima. Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu, na zikiwa ndefu hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake kabla hujaugusa mpira. Kwa hiyo nikamwomba kocha tufanyie somo pembeni, kwenye nyasi zenyewe.

Akachora mstari wa chokaa chini, mpira akaweka mfukoni. "Mzee, piga mstari, halafu tuangalie nyasi imeng'oka kuanzia wapi." Ikianza kung'oka mbele ya mstari, upande wa shabaha, mpira ungegongwa kwanza. Ikianza nyuma, umeanza na ardhi. Zangu zote zilikuwa nyuma. Hakunipa hotuba. Alinishika nyonga akaisukuma kidogo kuelekea mguu wa kushoto, akasema uzito ufike huko kabla mikono haijashuka. Nikarudia mpaka nyasi zikaanza kung'oka mahali pake. Chokaa ni ya bei ndogo, na sasa zoezi hilo nalifanya peke yangu.

Jambo la pili: nenda na shida moja, na uitaje kabla hujavaa glavu. Kocha wangu wa kwanza, ambaye niliachana naye, alikuwa akisahihisha kila kitu kwa pamoja: kushika fimbo, mabega, goti, kichwa, na bado simu ikilia anapokea. Unatoka hapo hata kutembea umesahau. Huyu wa sasa nilimwambia mpira wangu unakata kulia, basi. Akanieleza kwamba mpira huanza safari karibu na pale uso wa fimbo unapotazama, na hupinda kwa sababu uso huo na njia ya fimbo haviendi pamoja. Ndiyo maana sisi tunaolenga kushoto zaidi ili kujiokoa huwa tunazidisha ugonjwa. Mwisho wa somo mwombe akurekodi kwa simu yako, kutoka nyuma na kutoka mbele, huku akisema kwa sauti yake kile unachotakiwa kufanya. Video hiyo inanisaidia kuliko maandishi yoyote.

Tatu, na hili sijaona wengi wakilifanya: nenda na kedi wako, yule anayekubebea fimbo. Mlipe muda wake. Kedi ndiye anayekuona kila Jumamosi ukiharibu, kocha anakuona siku ukiwa umejipanga. Wangu alisimama kimya karibu somo zima, kisha akasema, "Lakini boss, shimo la kwanza huwa unapiga haraka, kabla sijashusha hata begi." Kocha alicheka, na somo likageukia huko. Ila mkubaliane mapema: uwanjani anakukumbusha neno moja tu. Akianza ukocha wake kati ya shimo na shimo, mtakosana.

Masomo ya kikundi niliyajaribu. Yanafaa kwa anayeanza na kwa kupiga stori.

Ukiwa na pesa ya somo moja tu mwaka huu, lipia la uwanjani, mashimo machache jioni watu wakipungua. Pale kocha anaona mambo ambayo renji haimwonyeshi: unachagua fimbo gani, unafanya nini mpira ukiwa chini ya mti. Mimi nilidhani tatizo langu ni draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo. Alichoona ni kwamba napoteza mipigo nikiwa karibu na grini, pale penye nyasi fupi na kishimo chenyewe. Hesabu yenyewe iko wazi: par 72, yaani mipigo 72 inayotarajiwa kwa mashimo 18, huhesabu pati mbili (mipigo ya kuviringisha mpira kwenye grini) kila shimo, yaani 36, nusu ya mchezo. Tangu hapo muda wangu mwingi wa mazoezi unaenda kwenye chipi, ile mipigo mifupi ya kuingia grini, na pati, na draiva hupata mabaki.

Kwa wanaosafiri kama mimi, mwambieni kocha mnachezea wapi kwingine. Nakuru tuko juu ya mita 1,800, Kisumu ni kama 1,130. Hewa ya chini ni nzito zaidi, kwa hiyo fimbo ileile inakupa umbali mdogo kidogo, na alasiri upepo wa ziwa nao unaingia nchi kavu. Kocha alinifanya niandike umbali wa kila fimbo kwa miji yote miwili. Kisumu sasa kwenye shaka nachukua fimbo inayofuata, ile inayopeleka mpira mbali zaidi.

Lawama yangu kwa huyu wa sasa ni malipo. Anasukuma sana ulipie masomo mengi kwa mpigo, halafu kuahirisha ni kazi, na msimu wa mvua za masika alasiri nyingi zinaharibika. Lipa moja moja, na uchukue nafasi za asubuhi. Nampa nyota nne kati ya tano. Somo lijalo nimeshamwambia ni bunka, ule mtego wa mchanga, peke yake, na kedi anakuja.