Memori pepe ya Windows kwenye laptopu ya GB 4: uiache, uipange au uizime?

Laptopu ya RAM GB 4 ikifunguliwa Chrome yenye kurasa kumi na tano, WhatsApp na Excel kwa pamoja, hakawii mtu kukutana na ukurasa mtupu wenye maneno "Out of Memory". Fundi mmoja atakwambia uongeze memori pepe, yaani nafasi ya diski ambayo Windows huitumia kama nyongeza ya RAM; mwingine uizime kabisa kwa sababu inachakaza SSD, diski isiyozunguka. Windows 10 na 11 zinatoa njia tatu, na ubora wake haulingani hata kidogo.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke, ingia "Performance", kisha "Memory", utazame mstari wa "Committed". Ukisoma, kwa mfano, 7.6/7.9 GB, namba ya pili ndiyo kikomo: RAM ukijumlisha na faili la memori pepe, pagefile.sys, lililofichwa kwenye diski C. Ya kwanza ni jumla ya nafasi ambayo programu zimeahidiwa. Zikikaribiana hivyo, programu zitaanza kufa.

Kuiachia Windows ijipangie ndiyo njia bora kwa watu wengi. Faili hukua hadi mara 3 ya RAM au GB 4, ipi ni kubwa, ila lisizidi sehemu moja ya nane ya diski. Hapo penye "ila" ndipo tatizo lilipo. Laptopu ndogo za eMMC (hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi) ya GB 32 hubaki na C ya kama GB 28, kwa hiyo faili hukwama GB 3.5, tena ikiwa nafasi tupu ipo. Diski ikijaa picha na video, halikui.

Kuizima ndiyo njia mbaya kuliko zote. Programu huomba nafasi kubwa kuliko inayoitumia, na Windows haiahidi isichoweza kulipa. Bila pagefile, kikomo kinabaki RAM peke yake, hivyo ombi linakataliwa hata kama RAM yenyewe bado haijajaa. Juu ya hayo, kompyuta ikianguka kwa skrini ya buluu, huenda usipate faili la kumbukumbu ya hitilafu ambalo fundi angelisoma. SSD za leo hazichakazwi kirahisi na matumizi ya kawaida ya pagefile. Hofu hiyo imekuzwa mno.

Kuipanga mwenyewe kunafaa pale tu kikomo kinapokubana. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia "Advanced", kisha "Settings" iliyo chini ya "Performance", halafu tena "Advanced", na "Change". Ondoa tiki ya juu, chagua C, kisha "Custom size". Namba ni za MB, na GB moja ni MB 1024. Kwa RAM ya GB 4, "Initial size" 4096 na "Maximum size" 8192 zinatosha. Kwa RAM ya GB 8, namba hizo hizo ni mwanzo mzuri. Hakikisha C inabaki na GB 10 tupu baada ya hapo. Sasa bonyeza "Set" kwanza, ndipo OK. Wengi hurukia OK, dirisha linafungwa kimya, na mabadiliko yamepotea. Mwisho, washa upya.

Kanuni ya kupanga faili liwe "RAM mara moja na nusu" ni ya zamani. Badala yake tazama "Committed" yako. Kulihamishia faili diski D ambayo ni kipande cha diski ile ile kunaokoa nafasi ya C tu, kasi haiongezeki.

Laptopu yenye diski ya kuzunguka (HDD) haitapona kwa mipangilio hii. Programu hazitajifunga, lakini "Disk" kwenye Task Manager itasimama asilimia 100 na kipanya kitaburuzika, kwa sababu sindano ya diski inahangaika huku na huko kutafuta vipande vidogo. Hapo nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, au ongeza RAM ikiwa haijachomelewa kwenye bodi. Soma kwanza aina ya RAM iliyomo: DDR3L haiingii kwenye nafasi ya DDR4. RAM ikishaongezwa, rudisha ile tiki uliyoiondoa.