Mkoba wa mwangalizi wa uchaguzi mdogo: karatasi bora, ukurasa wa kuhesabia una pengo

Mkoba huu unatengenezwa na duka la uchapaji la Moshi mjini, mwendo mfupi kutoka stendi kuu, kwa ajili ya vikundi vya raia vinavyoangalia uchaguzi mdogo wa ubunge. Ndani mna kitabu cha fomu zinazojinakili mara tatu, ubao wa kuandikia, kizibao, kamba ya kitambulisho, kalamu mbili na bahasha ya plastiki yenye zipu. Mmoja shilingi 18,000. Kuanzia 50, shilingi 15,000.

Karatasi ndiyo sifa yake kubwa. Kiti kikibaki wazi, kura hupigwa mvua iwepo isiwepo: Arumeru Mashariki walipiga 1 Aprili 2012, majira ya masika, Siha 17 Februari 2018, Monduli 16 Septemba mwaka huohuo. Fomu ya mkoba huu ikilowa kidogo haichaniki, na nakala ya tatu inasomeka vizuri. Sharti ni kuweka kadi ngumu chini ya kila seti. Ukiisahau, takwimu za asubuhi zinajichapa juu ya fomu ya kuhesabia, na jioni hakuna anayejua ipi ni ipi. Kadi imeshonwa kwenye jalada, kwa hiyo haipotei.

Fomu ya asubuhi imepangwa na mtu aliyewahi kukaa kituoni. Inaanza na sanduku kuonyeshwa tupu, kisha namba za lakiri zinazofunga sanduku, mawakala wa vyama waliopo, idadi ya karatasi za kura zilizopokelewa. Namba za lakiri zina nafasi ya pili pembeni ya kujazwa wakati wa kufunga, hivyo tofauti inaonekana kwa jicho moja.

Kasoro ya kwanza ni sehemu ya muda: imeandikwa “saa” tu. Kituo kikifunguliwa saa moja asubuhi, mmoja ataandika 1:00, mwingine 7:00, na anayepokea ujumbe mfupi wa simu atadhani kituo cha pili kimechelewa saa sita. Waambieni wachape “saa za Kiswahili” kwenye kila fomu.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kuhesabu. Kuna nafasi ya kura za kila mgombea na kura zilizokataliwa, lakini hakuna ya karatasi zilizoharibika (mpiga kura alikosea, akapewa nyingine) wala zisizotumika. Bila hizo huwezi kufanya hesabu inayobeba kazi nzima: zilizomo sandukuni, zilizoharibika na zisizotumika zikijumlishwa lazima zilingane na zilizopokelewa asubuhi. Ikipungua moja, huenda mpiga kura aliondoka na karatasi yake. Zikipungua ishirini, au zikizidi, andika maelezo ya msimamizi wa kituo neno kwa neno. Nafasi ya kunakili Fomu Na. 21B, yaani fomu ya matokeo ya ubunge ya kituo, ipo, pamoja na swali kama imebandikwa nje ya kituo na saa ngapi. Hapo wamefanya vizuri sana.

Kizibao cha sampuli ni kijani chenye mistari ya njano. Kisichukuliwe kabisa! Hizo ni rangi za chama tawala, CCM, na mwangalizi atakuwa amehukumiwa kabla hajafika mlangoni. Agizeni kijivu, bei haibadiliki. Ongezeni tochi pia, maana kura hupigwa hadi saa kumi jioni na hesabu ya darasani huingia gizani.

Hakuna hata ukurasa mmoja wa siku ya uteuzi wa wagombea. Mwaka 2019 Arumeru Mashariki ilipata mbunge aliyepita bila kupingwa. Mkoba wa siku ya kura pekee usingeona chochote. Ukurasa huo unahitaji mambo machache: nani amerudisha fomu kabla ya saa kumi jioni, wadhamini wangapi, pingamizi la nani na kwa sababu gani, rufaa imeishia wapi. Duka linakubali kuuongeza ukipeleka mchoro wako. Chapa ya kwanza itoke kitabu kimoja, kijazwe chote kwa kalamu, ndipo mlipie vilivyobaki. Kazi inachukua siku tano.